Bunduki ya marisau haitupi ganda nje: kosa ni la gesi, la springi au la risasi?

Mrithi wa Njoro

Ndugu zangu, naomba msaada kwa jambo ambalo limenisumbua tangu mwezi wa Mei. Nina bunduki ya marisau ya geji 12, ya kujipakia yenyewe kwa nguvu ya gesi, iliyotengenezwa Marekani katika miaka ya 1970. Marehemu baba aliinunua kwa ajili ya kanga na kwale. Alipofariki ilikaa chini ya ulinzi wa polisi mpaka nilipopewa cheti kwa jina langu mwenyewe, na tangu hapo ninaitumia kulenga visahani vya udongo tu, katika uwanja ulioidhinishwa upande wa Nakuru, Jumamosi mbili kwa mwezi.

Tatizo ni hili: nikifyatua, risasi inalipuka vizuri na kisahani kinavunjika (nikilenga sawasawa, maana si kila siku), lakini ganda tupu halitoki. Mara chache hubaki ndani ya chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa. Mara nyingi zaidi hubanwa mlangoni likiwa limesimama wima, nusu ndani nusu nje, kama abiria aliyefungiwa mlango wa matatu. Hapo inanibidi niweke kitasa cha usalama, nivute bolti (chuma kinachofunga nyuma ya mtutu) kwa mkono na kulitoa kwa kidole.

Risasi ninazotumia ni za urefu wa milimita 70 zenye gramu 28 za marisau. Mtutu nimeusugua mpaka unang'aa ndani. Fundi mmoja aliyeitazama alisema dawa ni kuyatoboa matundu ya gesi yawe mapana zaidi, na alikuwa tayari kuifanya kazi hiyo siku ileile. Nilisita, nikaondoka na bunduki yangu. Je, nilikosea?

Mlenga wa Kitale

Hukukosea hata kidogo, na nakuomba usirudi kwa fundi huyo. Matundu hayo yako upande wa chini wa mtutu, pale penye pete kubwa inayovaa juu ya bomba la risasi, lile la chini ya mtutu ambamo risasi husubiri zamu. Marisau yakishayapita, sehemu ndogo ya gesi huteremka humo na kuisukuma pistoni nyuma, pistoni nayo huisukuma bolti, na bolti ikirudi ndipo ganda hung'olewa na kutupwa. Upana wa matundu ulipimwa kiwandani. Ukiyapanua, kila risasi nzito utakayopiga baadaye itairudisha bolti kwa kishindo kikubwa kuliko mwili wa bunduki ulivyokusudiwa kuhimili, na chuma kilichokwisha kutobolewa hakirudishwi. Kuyasafisha ni jambo jingine kabisa: kijiti chembamba au uzi laini wa shaba unatosha kuitoa kaboni iliyoziba, bila kuugusa ukingo wa tundu.

Kabla ya hayo, hakikisha bunduki haina risasi, na usiamini macho peke yake. Ingiza kidole ndani ya chemba, kisha ubonyeze kisukumio cha bomba uone kwamba hakuna risasi iliyojificha. Nimeshuhudia mtu mzima, mlengaji wa miaka mingi, akiapa kwamba bunduki yake ni tupu, na risasi ya tatu ikadondoka mezani mbele yetu sote.

Baada ya hapo ningetazama vitu viwili. Cha kwanza ni pete ya mpira. Bunduki nyingi za gesi za enzi hiyo, Remington 1100 iliyoingia sokoni mwaka 1963 ikiwa mfano unaojulikana zaidi, zina pete ndogo nyeusi ya mpira inayokaa kwenye mfuo wa bomba la risasi ili gesi isivuje kuelekea mbele. Ikipasuka, ikikauka au ikisahaulika mezani siku ya kusafisha, bunduki haitajipakia ng'o. Bei yake ni ndogo, kwa hiyo mwenye busara huweka mbili za akiba. Tazama pia kama pistoni na pete yake ya chuma zimerudishwa zikielekea upande ulio sahihi, kwa sababu zinaingia hata zikigeuzwa.

Cha pili ni maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu. Kama ni mtutu wa risasi ndefu za milimita 76, huenda uliundwa kwa ajili ya mizigo mizito, ukachotewa gesi kidogo tu, na kwa mtutu wa namna hiyo gramu 28 ni chakula cha mtoto. Kinyume chake usikijaribu kamwe: risasi ya milimita 76 isiingizwe kwenye chemba ya milimita 70, hata kama inaonekana kutosha. Urefu huo hupimwa ganda likiwa limefunguka, kwa hiyo risasi mpya iliyokunjwa mdomo hudanganya. Ikilipuka, mdomo wake hukosa nafasi ya kufunguka, na shinikizo hupanda.

Jaluo wa Ziwani, Kisumu

Mimi naishi karibu na ziwa, na kwetu adui ni unyevu. Mwaka juzi niliiacha bunduki yangu ndani ya mkoba wenye sifongo kwa wiki tatu za mvua za masika, na nilipoufungua nikakuta madoa mekundu mahali pote ambapo sifongo iligusa chuma. Mkoba ni wa safari tu, haufai kuwa kitanda. Jambo lingine ambalo vitabu vya maelekezo havilisemi: nyigu wa matope. Ukiiacha bunduki wima siku chache dirisha likiwa wazi, nyigu anaweza kuanza kujenga nyumba mdomoni mwa mtutu, na udongo mkavu ndani ya mtutu ni hatari kuliko kutu. Ninaupitishia macho mtutu kutoka nyuma kila mara kabla ya kupakia. Wengine huuziba kwa kitambaa, jambo ambalo silipendi, kwa kuwa kitambaa hunyonya unyevu na siku moja kitasahaulika humo.

Bunduki yangu si ya gesi. Ni Browning Auto-5, ule muundo ambao John Browning aliupatia hataza mwaka 1900, na ndani yake mtutu wenyewe hurudi nyuma pamoja na bolti. Humo kuna pete ya msuguano ambayo mwenyewe huipanga upya kulingana na uzito wa risasi. Ilipokuwa ikinisumbua nilihamia risasi za gramu 36, na tatizo likaisha. Pengine nawe ujaribu.

Mzee wa Kakamega, fundi wa silaha mstaafu

Kijana wangu wa Njoro, maneno ya binti yetu wa Kitale ni sahihi na uyafuate. Kwa ndugu wa Kisumu nitapinga kidogo. Risasi nzito hazitibu kitu. Ni sawa na kumchapa ng'ombe wa jembe ambaye nira imemkaba shingoni: atavuta, utafurahi, na kosa litabaki palepale huku chuma kikigongwa zaidi kila siku.

Nina swali ambalo hakuna aliyekuuliza. Ukifyatua risasi 50 kwa siku moja, ni zipi zinazokwama: za mwanzo, za mwisho, au hapa na pale bila utaratibu? Nauliza hivyo kwa sababu kila ugonjwa una saa yake. Bunduki iliyochafuka kaboni kwenye pistoni huanza vizuri na kuharibika kadiri unavyoendelea kupiga. Bunduki yenye mafuta yaliyogandama huanza vibaya, kisha hulainika ikipata joto. Ile inayokwama ovyo huwa na risasi zisizolingana, au kikucha kinacholing'oa ganda kimelika, au chemba ina kutu na plastiki iliyoganda inayolishika ganda lisitoke, na chemba hiyo haisafishiki kwa brashi ya mtutu kwa kuwa ni pana kuliko mtutu.

Nieleze pia marehemu mzee alikuwa akitumia mafuta gani, na aliihifadhi vipi.

Mrithi wa Njoro

Shikamoo Mzee. Sikuwahi kulifikiria jambo hili kwa namna hiyo, lakini nimelinganisha na kumbukumbu zangu na jibu liko wazi. Zinazokwama ni za mwanzo. Tunaanza saa mbili na nusu asubuhi, umande ungali kwenye nyasi, na risasi sita au saba za kwanza ndizo za mateso. Ikifika saa tano, jua likiwa limepanda, napiga mpaka mwisho bila shida, ndiyo maana kila mara nilirudi nyumbani nikidhani imepona yenyewe. Mwezi wa Julai, wakati wa baridi kali ya huku kwetu, ilikuwa mbaya kupita miezi yote.

Kuhusu mafuta, baba alitumia mafuta ya injini ya trekta, na hakuyapima. Alimimina. Kisha aliisimamisha bunduki kwenye kona ya kabati, mdomo juu, kitako sakafuni. Pete ya mpira niliikuta nzima, na mtutu umeandikwa milimita 70.

Mzee wa Kakamega, fundi wa silaha mstaafu

Marahaba. Basi umekwisha kujijibu, ila hujui bado mahali pa kutazama.

Bolti ikisharudi nyuma, huletwa mbele na springi. Katika bunduki nyingi za muundo huo, springi hiyo haionekani unapoifungua bunduki kwa usafi wa kawaida, kwa sababu imo ndani ya bomba la chuma lililofichwa katikati ya kitako. Watu husafisha mtutu miaka 30 bila kujua kwamba ipo. Bunduki ikisimamishwa mdomo juu, kila tone la ziada hutambaa chini kupitia mwilini hadi kwenye bomba hilo, likikusanya masizi na vumbi njiani. Asubuhi ya baridi mchanganyiko huo huwa mzito kama asali, bolti hurudi nyuma kwa shida, na ganda hukosa kasi ya kurushwa. Mafuta hayohayo huingia pia kwenye mbao, na mbao iliyolowa hulainika na kuanza kupasuka pale inapokutana na chuma.

Fanya jaribio lisilohitaji kufungua chochote. Bunduki ikiwa tupu, na umekwisha kuikagua kama ulivyoelezwa, ielekeze mdomo juu mahali salama, vuta bolti polepole hadi nyuma, kisha uiachilie ukiisindikiza kwa mkono. Inapaswa kwenda mbele kwa nguvu moja na kujifunga yenyewe. Ikiburuta, ikisita katikati, au ikitoa sauti kama ya mchanga, ugonjwa umeupata. Siku ya uwanjani, weka risasi moja tu na ufyatue. Bolti ikibaki wazi nyuma, imemaliza safari yake. Ikiwa imejifunga, haikufika mwisho.

Kulifungua bomba hilo sikushauri ulifanye peke yako. Nyuma ya mpira wa kitako kuna skrubu ndefu, na ndani ya bomba springi imebanwa na kizibo kinachoshikwa na pini. Ikichomoka bila kushikwa, hulenga uso. Ipeleke kwa muuzaji wa silaha aliyesajiliwa ambaye ana karakana, uipeleke mwenyewe na cheti chako mkononi, usimtume mtu. Mwambie asafishe bomba, alikaushe kabisa, na abadilishe springi badala ya kuirudisha ya zamani.

Mlenga wa Kitale

Mzee, naomba kuuliza papo hapo: pistoni nayo ipakwe mafuta, au iachwe kavu? Uwanjani kwetu kila mtu ana msimamo wake.

Mzee wa Kakamega, fundi wa silaha mstaafu

Ifute kwa kitambaa chenye mafuta mepesi, kisha uifute tena kwa kitambaa kikavu. Kinachobaki baada ya hapo kinatosha. Mafuta yakizidi mahali penye gesi ya moto huungua, na kaboni unayoikwangua mwezi ujao ndiyo mafuta uliyoyamwaga mwezi huu. Reli ambamo bolti hupita zinastahili tone moja kila upande. Ukishamaliza, isimamishe bunduki mdomo chini juu ya kitambaa usiku mmoja, ili ya ziada yatoke kwa mbele badala ya kuteremkia kitakoni. Kisha ifungie kwenye sanduku lake la chuma.

Mrithi wa Njoro

Narudi na matokeo baada ya wiki tatu. Kwenye jaribio la mkono bolti ilisita mahali palepale kila mara, kama kiasi cha upana wa kidole kabla ya kujifunga. Niliipeleka kwa muuzaji mwenye leseni na nikaruhusiwa kutazama. Kitako kilipotoka, mbao ya ndani ilikuwa nyeusi na inateleza. Ndani ya bomba yalitoka mafuta yenye rangi ya chai ya rangi iliyochemshwa kupita kiasi, yakifuatwa na maganda membamba ya kutu, na springi ilipolazwa mezani kando ya mpya ikaonekana fupi kwa upana wa vidole viwili. Mbao imekaushwa, haijapasuka bado.

Jumamosi iliyopita nilianza saa mbili na nusu, pamoja na umande wake, kwa risasi zilezile za gramu 28. Nimepiga 50. Maganda yote yalianguka mahali pamoja, hatua tatu hivi kulia kwangu, na aliyekuwa akiyaokota alinishukuru.

Jaluo wa Ziwani, Kisumu

Hongera ndugu. Mimi nilijiona salama kwa kuwa yangu haitumii gesi.

Mzee wa Kakamega, fundi wa silaha mstaafu

Ndugu wa Kisumu, Auto-5 nayo ina springi ya bolti ndani ya kitako. Unaihifadhi mdomo ukielekea wapi?

Jaluo wa Ziwani, Kisumu

Juu, Mzee. Nimetoka kuijaribu sasa hivi. Imejifunga, lakini imesita mara mbili njiani. Kesho naipeleka.