Nimepigwa: maganda ya .308 "yaliyochambuliwa kwa uzito" ni takataka tupu

Wakuu, nawasalimu kwa shingo upande. Mods, tafadhali msiutupe uzi huu kwenye jukwaa la biashara, wanaohusika wako huku.

Nipo Texas, napiga shabaha yadi 600 kwa .308 Winchester, na risasi zangu najaza mwenyewe: nachukua maganda yaliyokwisha kupigwa, naweka praima mpya (kidude cha kitakoni kinachowasha baruti), baruti na kichwa cha risasi. (Mnaosoma kutoka Bongo msishtuke: huku sheria ya shirikisho haidai leseni ukijaza za matumizi yako tu. Ukianza kutengeneza za kuuza ndipo leseni inahitajika.) Kuchambua maganda ni kazi ya kuchosha macho na mgongo, kwa hiyo nilipoona muuzaji mmoja wa mtandaoni anatangaza "yamesafishwa, yamechambuliwa kwa uzito, tofauti haizidi greni 1" (greni ni kipimo kidogo cha uzito, kama gramu 0.065), nikasema hapa nimeokoa wikiendi nzima. Nikalipa bei ya juu, maana ni huduma ya ziada, si ndiyo?

Mzigo umefika. Namwaga mezani, nageuza vitako kusoma chapa. Mungu wangu! Kuna yaliyogongwa LC pamoja na duara na msalaba wa NATO, zile za kiwanda cha jeshi cha Lake City kule Missouri, tena za miaka tofauti, kila moja na tarakimu zake. Pembeni yake maganda ya kiraia ya kampuni mbili. Yote mfuko mmoja! Yeyote aliyejaza risasi hata kwa mwezi mmoja anajua hatua ya kwanza ni kutenganisha kwa chapa na toleo, mizani inakuja baadaye sana. Kila kiwanda kina unene wake wa kitako na mchanganyiko wake wa shaba na zinki. Uzito ukifanana kati ya chapa mbili, hiyo ni bahati nasibu, haikuambii chochote kuhusu nafasi iliyomo ndani.

Sijamaliza. Baadhi bado yana praima iliyokwisha kulipuka! Mengine imetolewa. Sasa niambieni, wakuu: praima kubwa ya bunduki peke yake ina greni kadhaa, wewe unadai tofauti haizidi greni moja, uliweka nini kwenye mizani? Nikatoa praima zote, nikakwangua masizi kwenye vishimo vyake, nikaosha, nikakausha, nikapima upya. "Kundi" likasambaratika palepale. Nikaleta kalipa kupima urefu: mengine yamepita milimita 51.18, ambacho ndicho kikomo cha .308, mengine yamekatwa hadi chini ya 50.9. Hapo shingoni tu umeshapoteza kama theluthi ya greni. Huyu bwana hakuchambua maganda. Alichambua masizi, praima na urefu wa shingo, akayapa jina la uzito.

Nikamwandikia kwa adabu, na picha juu. Jibu lake: "Mizani yako haijasawazishwa vizuri." Mimi! Mizani yangu naiwasha nusu saa kabla ya kazi, nazima feni na AC maana upepo kidogo tu tarakimu zinacheza, na kila baada ya maganda machache narudisha jiwe la gramu 50 kuhakiki. Nilipomuuliza yeye alipima kabla au baada ya kukata shingo, kimya. Nikauliza tena, akaniambia wateja wengine hawajalalamika.

Kinachoniuma kuliko hela ni kwamba hawa watu hawajui hata kwa nini tunapima. Kwa nje maganda yote yanachukua umbo la chemba ileile (tundu la bunduki ambamo risasi inakaa). Shaba ikizidi, nafasi ya baruti inapungua ndani, mgandamizo unapanda na kasi inabadilika. Sasa piga hesabu: shaba ya maganda ni nzito kama mara nane na nusu ya maji. Greni 1 ya shaba inakula nafasi ya takriban greni 0.12 tu ya maji, kwenye ganda linalobeba kama 56. Ni kitu kidogo sana! Kuchambua kwa uzito kuna faida pale tu kila kitu kingine kimeshalingana. Na hata hapo, uzito mwingine unakaa kwenye ukingo wa kitako na mfereji wa kuchomolea, ambako hauhusiani kabisa na ndani. Ndiyo maana wapenzi wa usahihi wanajaza maji kwenye ganda na kuyapima, wajue nafasi halisi ya ndani.

Basi nami nikajaza. Nilichukua mawili ambayo baada ya kusafishwa yalilingana uzito, moja la LC na moja la kiraia, yote nimeyapiga kwanza kwenye bunduki yangu kwa kiwango cha chini cha baruti. Nikaacha praima iliyolipuka izibe kitobo, nikapima makavu, nikajaza maji hadi usawa wa mdomo, nikapima tena. Tofauti ilizidi nusu greni ya maji. Uzito sawa, matumbo tofauti.

Na hapa mgeni anaweza kuumia. Anaamini lebo, anaweka baruti ya kiwango cha juu alichozoea kwenye ganda jepesi, halafu lenye nafasi ndogo linaingia chemba. Praima inabapa, bolti (kifungio cha chemba) inagoma kufunguka, na hapo ndipo mwenye bahati anaishia. Ukibadilisha chapa ya ganda, unashuka na kuanza upya kupanda taratibu. Muuzaji anayechanganya chapa mfukoni anakunyima hata nafasi ya kulijua hilo.

Nimeshafungua shauri la kurudishiwa hela kupitia kadi. Picha za vitako na vipimo vya kalipa naweka kwenye post inayofuata. Jina lake silitaji hapa mpaka shauri liishe, msinisumbue PM. Anayejua muda ambao benki huwa zinachukua kwa kesi kama hizi aseme. Na atakayekuja kunishauri ninunue mizani mpya, naomba apite kimya kimya.