Shilingi ya Riga, mwaka 97: fedha au shaba iliyopakwa?

Muulizaji, Tabora
Wakuu, sarafu hii ni nyembamba, upana milimita 17, uzito gramu 0.93. Upande mmoja kuna S kubwa yenye mganda wa nafaka, upande wa pili funguo mbili zilizopishana na maneno SOLIDVS CIVI RIG (Kilatini: shilingi ya mji wa Riga). Mwaka umeandikwa 97 tu. Imeuzwa kama fedha, lakini kingo ni nyekundu. Ni bandia? Sonara aipime majini? Naweza kuisugua kwa ndimu na chumvi?

Jibu 1
Ndimu hapana kabisa! Hiyo ni shilingi ya mji wa Riga (leo mji mkuu wa Latvia), 1597, enzi za mfalme Sigismund III wa Poland. Mganda ni nembo ya ukoo wake wa Vasa. Tatu zilifanya grosi moja (sarafu ndogo ya Poland), hivyo shilingi ilikuwa pesa ya sokoni tu, na shaba ndani yake ni nyingi kuliko fedha. Vipande vya sarafu, kabla ya kupigwa chapa, vilichomwa, shaba ya juu ikaungua, kisha vikachemshwa na chumvi chachu inayoganda kwenye mapipa ya mvinyo. Shaba ya juu ikatoka, ukabaki utando mweupe wa fedha. Utando ukilika, wekundu hutokea. Ukisugua unaumaliza, na hakuna wa kuurudisha.

Jibu 2
Kipimo cha maji kwa sarafu moja hakitakusaidia, mkuu. Yenye fedha 20% ina msongamano wa 9.2 hivi, shaba tupu 8.96. Kwa gramu moja tofauti ya maji ni kama gramu 0.003, na mizani ya sonara ya gramu 0.01 haiioni, kiputo kimoja cha hewa kinatosha kuharibu hesabu. Angalia maandishi. Za kughushi zilizotoka Suceava (leo Romania) miaka ya 1660, wakati wa Dabija, mtawala wa Moldavia, ni za shaba na huiga hasa zile za malkia Christina wa Sweden, siyo hii ya S.

Jibu 3, Kigoma
Loweka kwenye maji ya betri (yale ya kuongezea, siyo asidi!), badilisha kila siku kwa wiki moja, toa uchafu kwa kijiti cha meno. Kausha vizuri, hasa huku ziwani masika. Unga wa kijani kibichi ukirudi baada ya kukauka, chumvi bado imo, loweka tena. Mifuko laini ya plastiki yenye harufu iepuke, inaacha utelezi wa kijani. Bahasha ya karatasi inatosha.

Hata heller 20 za Tabora za 1916 (sarafu za Wajerumani wakati wa vita), ambazo hazina fedha kabisa, zitunze hivyo hivyo.