Mrejesho: barua pepe zilizokwama kwenye foleni ya Postfix

Nawashukuru mlionijibu kuhusu barua pepe za seva yetu ya Postfix (programu ya kutuma na kupokea barua pepe) zilizokuwa zikichelewa saa kadhaa kumfikia mteja mmoja. Kwa kuwa amri ya postqueue -p, inayoorodhesha barua zilizo kwenye foleni, huonyesha sababu ya mwisho tu ya kila moja kukwama, nilifuata ushauri wenu nikafuatilia namba ya ujumbe mmoja ndani ya logi (kumbukumbu za seva), ambako majaribio yaliishia na status=deferred (imeahirishwa) na msimbo 450, yaani kukataliwa kwa muda: seva ya mpokeaji humtaka mtumaji asiyemfahamu arudi baadaye. Sisi tulirudi mara kwa anwani ya IPv4, mara kwa ya IPv6 (aina mbili za anwani za intaneti), na kwa kuwa anwani ilibadilika tukahesabiwa wageni upya. Nimeweka smtp_address_preference = ipv4 ili seva ianze na IPv4, nikaacha minimal_backoff_time (muda mfupi zaidi wa kusubiri kabla ya kujaribu tena) kwenye sekunde 300 za kawaida (kuipunguza ni kumsumbua mpokeaji bure), na sasa jaribio la pili kwa kawaida huandika status=sent (imetumwa).