Naomba ushauri: Jumamosi tunapitisha ahadi ya mnara wa kengele, na mabenchi yanazidi kubaki wazi

MzeeWaBenchiLaTatu

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mimi ni mzee wa kanisa, mwaka wa saba sasa, katika usharika mmoja huku mkoani. Dhehebu sitalitaja. Jambo hili nimekaa nalo muda mrefu, na mke wangu ndiye aliyenisukuma niandike.

Kazi yangu Jumapili ni kuhesabu watu. Mahubiri yakiisha, wimbo ukianza, napita ukutani na kuhesabu benchi kwa benchi, wanaume, wanawake, watoto, kisha naandika kwenye daftari. Juzi nikafungua kurasa za mwaka 2015. Tulikuwa na ibada mbili, na ile ya kwanza watu walikaa mpaka nje chini ya mwembe. Leo tuna ibada moja, na mabenchi saba ya nyuma upande wa kulia hayakaliwi na mtu. Mama anayefanya usafi ameacha hata kuyafuta. Mwaka 2019 tulibariki vijana 31 wa kipaimara. Nilichukua picha yao ya siku ile, nikaweka kidole juu ya kila uso ninaouona bado kanisani. Wanne.

Sasa Jumamosi baraza la wazee linakaa kupitisha ahadi mpya, kila kaya shilingi 300,000, kwa ajili ya mnara na vigae. Jumapili iliyopita matangazo ya mradi huo, pamoja na mnada, yalichukua muda mrefu kuliko mahubiri. Wagonjwa hawakutajwa.

Kilichoniumiza zaidi ni mama mmoja mjane wa jumuiya yetu, mwimbaji wa sauti ya kwanza miaka mingi. Mwaka jana tulianza kubandika orodha ya ahadi mlangoni. Mbele ya jina lake iliandikwa sifuri. Akaacha kuja. Nilikwenda kwake baada ya miezi mitatu, na hiyo miezi mitatu ni kosa langu. Alifungua Biblia akatoa bahasha yake. Ndani mlikuwa na shilingi 14,500, noti zimekunjwa ndogo ndogo. Akaniambia, "Baba, nilikuwa nakusanya. Niliona aibu kuileta kabla haijatimia." Alipougua malaria kali, waliomfulia na kumpikia uji ni majirani zake Wapentekoste. Sasa anasali kwao.

Nikisimama Jumamosi kupinga, nitaambiwa napinga kazi ya Mungu. Mwenyekiti wa ujenzi ni shemeji yangu. Je, ninyamaze? Nijiuzulu? Au ipo namna ya kulisema hili likasikika?

HazinaMstaafu

Mzee, pole. Nimekuwa mtunza hazina wa usharika miaka 12, kwa hiyo nitaanza upande wa pili. Jengo si dhambi. Paa likivuja juu ya madhabahu lazima litengenezwe, na fedha haziji bila kutangazwa. Usiingie kikaoni ukapiga vita mnara, utashindwa ndani ya dakika tano.

Ingia na vitabu. Omba taarifa ya mwaka jana, tafuta fungu la diakonia, lile la wagonjwa, wajane na yatima, uliweke kando ya fungu la ujenzi. Kwetu diakonia ndiyo ilikuwa inakopwa kwanza kila fedha zikipungua, na sikumbuki hata mara moja ilipolipwa. Mimi ndiye niliyekuwa naandika hizo hati za kukopa. Sikuwahi kusimama. Wewe simama.

Sauti_ya_Pili

Shikamoo baba mzee. Mimi ni mmoja wa hao wa kwenye picha, ingawa si ya kwenu. Nilisoma kipaimara miaka miwili, nikakariri Katekisimu yote. Siku ya kubarikiwa nyumbani walichinja mbuzi, wageni wakajaa. Jumapili iliyofuata hakuna aliyejua tena kama nipo. Umoja wa vijana tulikumbukwa kukiwa na viti vya kubeba.

Nilipomaliza chuo nikakaa mwaka mzima bila kazi, nikaanza kukwepa ibada kwa sababu ya bahasha. Jina langu linasomwa, sina kitu. Niliko sasa, wiki ya kwanza tu mama mmoja alinipigia simu akaniuliza kama nimekula. Mafundisho ya kwetu bado nayapenda, na nyimbo zetu za kitabuni bado naziimba nikiwa jikoni. Kwa hiyo msidhani tunafuata ngoma na spika.

Mlinzi_wa_Zamu

Dada, huko nako kuna sadaka za kila aina, na nabii akikuona huna hakutazami. Nimetoka huko. Ila la simu umesema kweli.

MachameHadiLeipzig

Niko Ujerumani mwaka wa tisa, Leipzig. Mwaka 1893 wamisionari wa kutoka mji huu walifika Machame, Kilimanjaro, kwa babu zetu, kwa hiyo haya ninayoyaona huku yananihusu.

Huku muumini anakatwa kodi ya kanisa, asilimia 8 au 9 ya kodi yake ya mapato kulingana na jimbo. Asiyetaka tena anakwenda ofisi ya serikali, anatia saini, amekwisha kutoka. Mwaka 2023 waliotoka makanisa ya Kiprotestanti kwa njia hiyo walikuwa karibu 380,000. Fedha hazikukosekana miaka yote hiyo. Minara ipo, kengele zinalia mpaka kwenye godoro langu. Jumapili nikiingia nakuta wazee kumi na watano na mpiga kinanda. Bibi aliyekaa pembeni yangu aliniambia mtu wa mwisho wa kanisani kugonga mlango wake alikuja wakati mume wake alipofariki.

Mzee, ninyi bado mna jumuiya za nyumba kwa nyumba. Huku wangetoa mnara mmoja kwa hilo.

NduguWaNakuru

Hamjambo. Kuhusu hofu ya kusema: mnamo Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Kanisa Katoliki Nairobi aliagiza mchango wa Rais William Ruto kwa kanisa la Soweto, mtaa wa hukohuko Nairobi, urudishwe. Wengi tulidhani haiwezekani. Ikiwa pesa ya rais ilirudishwa, orodha ya mlangoni inaweza kubanduliwa.

MkeWaMwinjilisti

Baba, usijiuzulu. Ukitoka, daftari atapewa mtu asiyelia akihesabu.

Na jambo hili lisianzie kikaoni. Shemeji yako mfuate kwake, usiku, mkishakula. Usimwambie kitu kuhusu mnara. Mpe daftari alisome mwenyewe. Mwanaume akishtukizwa mbele ya wazee wenzake atatetea mradi hata kama moyoni anakubaliana na wewe.

Jumamosi omba mambo mawili tu. La kwanza, orodha itoke mlangoni, kila mtu ajue ahadi yake na mtunza hazina basi. La pili, kila mzee apewe kaya kumi za kutembelea, na taarifa ya kutembelea isomwe kikaoni kabla ya taarifa ya ujenzi. Bibi yangu aliokoka wakati wa ule uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930. Alikuwa akitusimulia walivyokaa sebuleni na chini ya miti, wanatubu wazi, mwizi anarudisha ng'ombe. Waliulizana habari kwa majina, na asiyeonekana alifuatwa siku hiyohiyo.

Kwa yule mama, nenda tena. Usiende kumrudisha, nenda kumwomba radhi. Na usibebe kitabu cha risiti.

MzeeWaBenchiLaTatu

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Asanteni. Binti, marahaba, nimemsomea mke wangu maneno yako.

Jana usiku nilikwenda kwa shemeji. Alisoma daftari muda mrefu bila neno. Kisha akaomba ile picha ya 2019, akaweka kidole kwenye uso wa mwanawe wa pili. Akauliza, "Huyu unamhesabu?" Nikamwambia sijamwona tangu mwaka juzi. Akasema hata yeye hajui anasali wapi.

Mnara hajauacha, na sikumwomba auache. Lakini leo asubuhi tumekwenda wote wawili kwa mchungaji, na orodha tumeibandua. Gundi imebaki mlangoni, nitaikwangua kesho.

Jioni nakwenda kwa yule mama na mke wangu. Jumamosi nitabeba daftari.