Spika za kujitengenezea kwa kumiksi kaswida: wufa inchi 12 zinanifaa?

Ustadha_Tanga

Habarini wakuu. Mimi ni mwalimu wa madrasa hapa Tanga, na nyumbani nina chumba nilichokifanya studio, urefu mita 3.6, upana mita 3. Narekodi kaswida za vijana wetu: dufu, kinanda na sauti za kuitikia. Nina kadi ya sauti, maiki moja ya kondensa na laptopu. Shida yangu ni kusikiliza. Mpaka leo namiksi kwa sabufa ya sebuleni. Kazi ikienda kwenye gari la kaka yangu, dufu linameza sauti za watoto. Nikilipunguza, kwenye simu linakuwa kama halikupigwa. Halafu mle chumbani noti ya G ya chini kabisa kwenye kinanda inanguruma, B flati iliyo juu yake nayo inanguruma, na zilizo katikati zinafifia.

Fundi mmoja anataka kunitengenezea maboksi mawili ya wufa (spika ya besi) inchi 12 yenye matundu. Anasema besi ndiyo kila kitu. Seremala yupo, mume wangu anajua kushika solda, na nimetenga laki sita. Naomba ushauri kabla sijatoa hela.

Biti_Mbagala

Ustadha, inchi 12 kwenye chumba hicho hapana. Mimi napiga singeli, kiki zinafuatana mbio mbio, na boksi lenye tundu lililotengenezwa ovyo linaziunganisha zote ziwe mvumo mmoja. Kama una haraka nunua hedifoni nzuri zilizo wazi nyuma, umiksi nazo huku spika zikitengenezwa. Monita (spika za studio) za mtumba pia zipo, ila zisikilize kwa masikio yako kwanza. Nyingi koili zimeshafungwa upya.

Fundi_Majengo

Asalaam aleykum Ustadha. Spika ndiyo kazi yangu hapa Majengo, Mombasa, na usiku namiksi taarabu za vikundi vya harusi. Nimesoma habari ya hizo noti mbili nikaona jibu lako limo humo humo.

Kwa joto la Tanga, tuseme nyuzi 30, sauti inakwenda kama mita 349 kwa sekunde. Gawa kwa mara mbili ya urefu wa chumba chako, yaani 7.2, unapata Hz 48.5 (mitikisiko 48.5 kwa sekunde). Gawa kwa mara mbili ya upana, 6, unapata Hz 58. G ya chini ni Hz 49. B flati ni Hz 58. Chumba kinaziimba hizo noti mbili pamoja na kinanda chako! Sasa ukileta wufa mbili za inchi 12 utakuwa umezipa kuta nguvu zaidi ya kuimba, na wewe utazidi kupunguza besi ambayo kwenye rekodi haikuzidi.

Kwa hiyo ningekutengenezea spika ndogo ya njia mbili, boksi lililozibwa kabisa, wufa ya inchi 6.5 na twita (spika ndogo ya sauti za juu) ya kuba ya hariri. Lililozibwa kwa sababu besi yake inashuka taratibu, dB (desibeli, kipimo cha nguvu ya sauti) 12 kwa kila oktava, yaani kila masafa yanapopungua nusu, na wufa inanyamaza upesi dufu likinyamaza. Boksi lenye tundu linashuka chini zaidi, kweli, lakini likifika mwisho linaporomoka dB 24 kwa oktava, na lile tundu linaendelea kuvuma baada ya pigo. Anayemiksi dufu anahitaji kusikia pigo limeishia wapi. Hapo mimi sibishani na mtu.

Tazama Yamaha NS-10M. Ilitoka 1978 kama spika ya sebuleni, boksi limezibwa, wufa ya sentimita 18 yenye karatasi nyeupe, besi haba. Ikakaa juu ya miksa za studio kubwa kubwa duniani na ikaendelea kutengenezwa mpaka 2001. Watu walimiksia pale kwa sababu katikati ya sauti, pale penye maneno ya mwimbaji, haifichi kitu. Na kaswida ni maneno.

Sasa hesabu ya boksi. Wufa yoyote ya maana inauzwa na karatasi ya vipimo vya Thiele na Small. Vitatu vinakutosha: Fs (masafa ambayo wufa yenyewe inavuma), Qts (namna inavyojizuia kuvuma) na Vas (lita za hewa zenye ulaini sawa na wa wufa). Isiyo na karatasi hiyo iache dukani hata ikiwa nzuri kwa macho. Gawa Vas kwa lita za boksi, ongeza 1, tafuta kipeuo cha pili. Jibu lizidishe kwa Qts, unatafuta iwe karibu na 0.7. Kipeuo kile kile kizidishe pia kwa Fs, unapata masafa ambapo besi inaanza kushuka. Mfano: Fs 45, Qts 0.40, Vas lita 18. Boksi la lita 8.5 linatoa 0.71, na besi inaanza kushuka Hz 80. Ndani sentimita 18 kwa 17 kwa 30 ni lita 9 na ushee, ukitoa nafasi ya wufa yenyewe na krosova (saketi inayogawa masafa kati ya wufa na twita) umefika. Programu ya WinISD inafanya hesabu hii bure.

Ninapokusihi sana ni krosova. Usinunue zile za kiwandani zilizoandikwa tu "njia mbili", haziijui wufa yako. Na tatizo haliishii kwenye kugawa masafa. Boksi la upana wa sentimita 21.6, kuanzia kama Hz 530 kushuka chini, sauti inazunguka nyuma ya boksi badala ya kuja kwako, na inaweza kupungua mpaka dB 6. Krosova nzuri inafidia hilo. Kwa hiyo chagua ramani ambayo mbunifu wake ameipima na kuonyesha mchoro wa vipimo, kisha nunua wufa, twita, kapasita na koili zile zile alizotaja. Ukibadilisha twita kwa sababu hii ya hapa ni rahisi, umetengeneza spika nyingine.

Amplifaya isikutishe. Spika ya dB 86 kwa wati 1, ukikaa mita 1, kwa wati 8 inafika dB 95. Hiyo ni kelele ya kutosha kwa kilele cha dufu. Bodi yenye wati 30 au 50 za kweli kila upande inatosha kabisa. Maandishi ya wati 1200 PMPO kwenye kasha hayakuhusu.

Mdau_Kiembesamaki

Fundi kamaliza, ila kwa laki sita, usafiri na ushuru vikiingia, njia mbili yaweza kumbana. Kwa nini asianze na spika moja moja ya masafa yote, inchi 3 au 4, ndani ya kiboksi kilichozibwa? Hakuna krosova ya kukosea. Auratone zilikuwa hivyo hivyo, spika moja kwenye mchemraba, na studio zilizitumia kujua rekodi itasikikaje kwenye redio ndogo.

Fundi_Majengo

Shekhe, nakubaliana nawe kama hela itabana. Tena hata akiwa na njia mbili, kiboksi kimoja cha namna hiyo akiweke pembeni asikilizie mono, yaani kushoto na kulia vikiunganishwa. Dufu likisikika pale, kwenye simu litasikika. Ila kisiwe spika yake pekee. Sauti za "s" na "sh" za watoto zinataka twita.

Ustadha_Tanga

Allah awalipe kheri. Nimeshamwambia yule fundi asubiri. Maswali matatu: seremala ana mninga mzuri mkavu, unafaa? Ukutani nimebandika trei za mayai, zinasaidia? Na spika zikae wapi?

Fundi_Majengo

Mninga mpe kabati, Ustadha. Mbao nzima inavimba na kusinyaa kwa unyevu wa pwani, viungo vitaachia na boksi halitakuwa limezibwa tena. Chukua plaiwudi ya marine ya milimita 18. MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa) pia ni nzuri kwa sauti kwa kuwa ni nzito na haivumi, lakini kingo zake zinakunywa maji kama mkate, basi zipigwe sila (rangi ya kuzuia maji) mara mbili, mpaka ndani. Katikati ya boksi weka mwamba wa mbao kutoka ubavu mmoja hadi mwingine. Jaza sufi iliyochambuliwa, isigandamane. Huko kwenu misufi ipo, hamna haja ya kuagiza.

Trei za mayai zitoe. Zinagusa kidogo sauti za juu, na Hz 48 inazipita kama hazipo. Tengeneza fremu nne za mbao zenye rokwuli (sufi ya mawe, ya kunyonya sauti) ya unene wa sentimita 10 au zaidi, zifunike kwa khanga, uzisimamishe kwenye pembe za chumba. Fremu hizo zianze kabla ya spika. Ukiniuliza laki mbili za mwanzo ziende wapi, nitakujibu hapo.

Kaa ukitazama ukuta mfupi, kichwa chako kiwe kama mita 1.4 kutoka ukuta huo. Spika mbili na kichwa chako vifanye pembetatu ya pande sawa, mita 1.3 hivi, twita usawa wa masikio. Uso wa spika usikae sentimita 60 kutoka ukutani, kwa sababu mwangwi wa nyuma utakula Hz 145, na hapo ndipo zilipo sauti za wanaume wakiitikia. Isogeze mpaka sentimita 30, shimo hilo litapanda mpaka Hz 290, na rokwuli inaliweza kirahisi zaidi. Ukipata maiki ya kupimia, programu ya REW ni ya bure na itakuonyesha haya yote kwa mchoro.

Na mumeo akimaliza kulehemu, kabla hajafunga boksi, aguse nyaya za wufa kwa betri ya volti 1.5, chanya kwa chanya, mara moja tu. Karatasi isogee nje kwa spika zote mbili. Moja ikiingia ndani, ageuze nyaya zake. Twita asiiguse na betri.