Naomba ushauri: mashine inazima nikiwa katikati ya kusaga kunde

Habari zenu wapendwa. Nauza bajia za kunde asubuhi, nasagia ile mashine ya umeme yenye bakuli pana na kisu chini. Wiki hizi mbili, nikijaza kunde zilizolala kwenye maji usiku kucha, inanguruma kidogo, inatoa harufu ya kuungua, halafu kimya. Nikiiacha kama nusu saa inawaka tena utadhani haikuwa na shida. Fundi kaniambia mota imekwisha, ninunue nyingine. Sijamwamini, maana hata hakuifungua.

Tena kunde zinapanda pembeni mwa bakuli, kisu kinazunguka patupu. Nikiongeza maji zinashuka, ila rojo linakuwa jepesi na bajia zinakunywa mafuta balaa. Nimejaribu kusaga vikombe viwili viwili, nazima kila nusu dakika na kukwangua kwa mwiko. Afadhali, lakini saa kumi na mbili wateja wameshafika mlangoni na mimi bado nakwangua.

Je, kisu butu kinaweza kuichosha mota hivi? Kinanolewa au kinabadilishwa? Na nyie mnaosaga kunde nyingi mnafanyaje?