Mrejesho: kioo cha pembeni kilichokuwa kinavujisha maji

Wakuu, niliuliza jinsi ya kutoa kile kioo cha gari cha nyuma pembeni kisichofunguka, kinachoingiza maji mvua ikinyesha. Kimetoka kizima! Tulitumia waya mwembamba: mtu mmoja ndani ya gari, mwingine nje, mnavutana taratibu huku gundi inakatika. Chini yake kulikuwa na kutu, na maji yalipita hapohapo. Kupaka silikoni kwa juu kusingesaidia kitu. Tulikwangua kutu, tukapaka praima (rangi ya kwanza ya kukinga chuma), gundi ya zamani iliyoshika vizuri tukaibakiza tabaka jembamba, kisha gundi mpya ya poliurethani (ile ya kubandikia vioo vya gari) na selotepu ya karatasi ya kushikilia. Gundi inapokauka, acheni dirisha la mlango wazi kidogo, maana kubamiza mlango husukuma kioo nje. Nimekimwagia maji kwa mpira wa bomba, ndani pakavu kabisa. Aliyenishauri waya badala ya kisu, asante sana.